Sura ya Sita: Mzungu wa Mgodini Anaishi Wapi?

Katika mji wa Segese, ulioko katika Halmashauri ya Msalala wilayani Kahama, kando ya njia iendayo Kakola na mgodi wa Bulyanhulu, liko swali ambalo huulizwa na wachuuzi wa sokoni, na waendesha bodaboda, na vijana wa makarasha ambao mchana kutwa husaga mawe ya dhahabu, na hata na wazee waliokuwapo kabla ya mgodi wenyewe kufunguliwa. Nalo ni hili: hawa Wazungu tunaoambiwa kwamba wamefanya kazi mgodini miaka yote hii, mbona hatuwaoni? Magari yao hupita vioo vikiwa vimefungwa, ndege yao huvuma juu ya majaruba ya mpunga, majina yao hutajwa na vijana wetu wanaorudi kutoka zamu, lakini hakuna aliyepanga nyumba mjini, hakuna aliyefungua duka, hakuna azikaye nasi wala aozaye nasi. Wametoka wapi, wanaishi wapi, na wakiondoka huacha nini?

Swali hilo ni la insafu, na linastahili jibu lililo kamili kuliko lile jibu la mkato kwamba Wazungu wa migodini wote ni Makaburu. Wenye mgodi wa Bulyanhulu walikuwa Wakanada, na kule Geita Waafrika Kusini walikuwa wengi. Lakini wako watu wa taifa moja ambao hukosekana kwa nadra sana katika migodi ya Kanda ya Ziwa, aghalabu wakiwa mafundi, wajiolojia au wakandarasi kuliko kuwa wenye mali, nao ni Waaustralia. Sura hii itawashughulikia hao, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wao ndio waliofungua mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi katika nchi yetu. Ya pili ni kwamba maisha yao yanaonyesha wazi namna mpya ya kuishi ugenini, ambayo babu zetu hawakuijua: mtu kufanya kazi katika nchi miaka kumi pasipo kuhamia katika nchi hiyo hata siku moja.

Jiwe lililowaleta

Nini kiliwaleta? Jibu la kwanza limo chini ya nyayo za watu wa Segese wenyewe. Ardhi ya Kahama, Nzega, Geita na Sengerema imekaa juu ya miamba mikongwe mno, iliyoumbika zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita, ambayo wanajiolojia, yaani wataalamu wa elimu ya mawe na tabaka za ardhi, huiita miamba ya kijani, kwa kuwa mawe yake, ambayo asili yake ni volkano za dahari, yamegeuka rangi ya kijani kwa joto na mgandamizo. Ndani ya nyufa za miamba hiyo ndimo ilimopita mishipa ya mawe meupe magumu, yale ambayo mchimbaji wetu mdogo huyafuata ndani ya duara, yaani shimo lake, akiwa na tochi kichwani na sururu mkononi.

Sasa, miamba ya namna hii hii, na ya umri unaokaribiana na huu, iko pia Australia Magharibi, katika nyika kavu ya Kalgoorlie, ambako mwaka 1893 mhamiaji mmoja wa Kiailandi aitwaye Patrick Hannan aliokota dhahabu na kuanzisha mbio za watu zilizozaa mji mzima. Mwaka 1902 kukafunguliwa katika pande hizo chuo cha uchimbaji madini, ambacho kwa zaidi ya karne kimekuwa kikitoa wahandisi na mafundi waliozoea jiwe hilo tangu ujana wao. Mwanajiolojia aliyesomea Kalgoorlie akishuka Kahama huikuta kazi anayoijua: udongo mwekundu ni ule ule, mishipa ni ile ile, na hata hila za mwamba, ambao huonyesha dhahabu hapa na kuificha hatua ishirini mbele, ni zile zile. Ndiyo maana haikuwa ajabu kwamba Tanzania ilipofungua milango, miongoni mwa waliotangulia kubisha hodi walikuwa watu wa pande zile.

Jibu la pili liko katika mji wa Perth, mji mkuu wa jimbo hilo la Australia Magharibi. Mji huo umejaa kampuni ndogo za utafiti wa madini, ambazo hazina mgodi wala dhahabu, ila zina leseni ya utafiti, maana yake ruhusa ya Serikali ya kutafuta madini katika eneo fulani kwa muda fulani, na zina wajiolojia wachache wenye subira. Fedha zao hupatikana kwa kuuza hisa, yaani vipande vidogo vya umiliki ambavyo mwalimu wa shule au muuza nyama wa Perth anaweza kuvinunua kwa matumaini kwamba siku moja vitapanda thamani. Biashara hiyo ina hatari zake, na Waaustralia walizionja: mwaka 1969 hisa za kampuni iitwayo Poseidon, iliyotangaza kwamba imevumbua nikeli, zilipanda kutoka senti 80 hadi kufikia dola 280 mwezi Februari 1970, kisha zikaporomoka na kuwafilisi wengi. Mafunzo ya fedheha hiyo, pamoja na mashauri ya miaka mingi, ndiyo yaliyozaa mwaka 1989 kanuni ziitwazo JORC, zinazoamuru kwamba hakuna kampuni itakayotangaza kiasi cha madini pasipo mtaalamu mwenye sifa, anayejulikana kwa jina, kuweka saini yake. Utaratibu huo umemfanya mwanajiolojia wa Kiaustralia kuwa mtu wa kutafutwa duniani kote, maadamu saini yake huaminiwa na wenye fedha.

Na jibu la tatu ni letu sisi. Kwa miaka mingi baada ya mgodi wa kale wa Geita kufungwa mwaka 1966, uchimbaji mkubwa wa dhahabu ulikuwa kama umelala. Sera ya Madini ya mwaka 1997 na Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ziliwaita wageni kwa masharti mepesi, mojawapo likiwa mrabaha wa asilimia 3 tu, na mrabaha ni ile sehemu ya thamani ya madini ambayo mchimbaji hulipa Serikali kwa kuwa mali iliyo ardhini ni ya taifa.

Kwa ufupi: jiwe walilijua kwao, fedha zilipatikana Perth, na mlango tuliufungua wenyewe.

Nzega, kabla ya Geita na Bulyanhulu

Watu wengi wa ukanda huu wakiulizwa mgodi mkubwa wa kwanza ulikuwa upi hutaja Geita au Bulyanhulu. La hasha. Ulikuwa Golden Pride, wilayani Nzega, mali ya kampuni ya Resolute ya Perth, ambao ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1998, ilhali Geita ilifuata mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Kwa muda wa miaka 15 hivi mgodi ule ulitoa zaidi ya aunsi milioni 2 za dhahabu. Na kwa kuwa aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31 na ushei, hesabu yake inapita tani 60.

Naukazia mgodi huu kwa sababu ni kisa kizima, chenye mwanzo na mwisho, jambo ambalo ni nadra kulipata. Waaustralia walikuja Nzega, wakachimba, wakafunga, wakaondoka. Shimo likabaki, kilima cha vifusi kikabaki, na sehemu ya majengo ikaingia mikononi mwa Serikali kwa ajili ya mafunzo ya madini. Na jambo hilo la mwisho, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko lilivyopewa na magazeti ya wakati ule, kwa kuwa majengo yaliyolala wageni sasa yaliweza kulala wanafunzi. Walibaki pia Watanzania waliojifunza kazi pale, wakatawanyika Buzwagi, Bulyanhulu, Geita na North Mara, ambako nako mgodi ulianzishwa mwaka 2002 na kampuni ya Kiaustralia kabla ya kuuzwa kwa Wakanada mwaka uliofuata.

Tangu hapo Mwaustralia ameonekana zaidi katika sura ya mkandarasi, yaani mtu au kampuni inayopewa na mwenye mgodi kazi maalumu kwa mkataba: kuchoronga, kulipua, kuchimba njia za chini ya ardhi. Mashimo ya Geita yaliyokuwa wazi juani yalipoanza kufuatwa chini ya ardhi, kuanzia mwaka 2016, kampuni iliyopewa kazi hiyo, AUMS, ilikuwa ya Kiaustralia, na Bulyanhulu nako wamepita wakandarasi wa Perth. Ndiyo sababu jina lililoandikwa langoni mwa mgodi haliwezi kukuambia peke yake ni nani walioko ndani.

Maisha ya rosta

Tukija sasa kwenye swali lenyewe, la wapi anaishi, ni lazima kwanza lielezwe neno ambalo kila kijana wa Segese aliyewahi kuajiriwa mgodini analijua kuliko anavyoijua kalenda: rosta. Rosta ni mpangilio wa siku za kazi na siku za mapumziko. Mfanyakazi hufanya zamu za saa 12, mchana au usiku, kwa majuma kadhaa mfululizo pasipo Jumapili wala sikukuu, kisha hupewa majuma kadhaa ya kwenda kwao. Mtanzania hupanda basi kwenda Kahama, Mwanza au Moshi. Mwaustralia hupanda ndege katika kiwanja cha mgodi, akabadilisha Dar es Salaam, akabadilisha tena Johannesburg au Dubai, na baada ya siku nzima na zaidi ya kusafiri akafika Perth, ambako mke na watoto wanamngoja.

Mtindo huo wa kurukia kazini na kuruka kurudi haukubuniwa kwa ajili ya Afrika. Waaustralia waliuzoea kwao wenyewe, kwa kuwa migodi yao mingi iko jangwani, mbali na miji, na kampuni ziliona ni nafuu kumpandisha mtu ndege kuliko kumjengea mji. Walichokifanya huku ni kuurefusha mwendo.

Baina ya ndege na ndege maskani yake ni kampu, yaani kambi ya wafanyakazi iliyo ndani ya uzio. Mna chumba chenye kitanda, meza na kiyoyozi; mna kantini ambamo viazi, nyama na wali hupangwa katika mabeseni ya chuma na kila mtu hujipakulia; mna uwanja wa mazoezi, zahanati, na chandarua juu ya kila kitanda, kwa kuwa malaria haichagui uraia. Alfajiri, kabla ya kuingia zamu, hupanga foleni na wenzake mbele ya mlinzi, akapuliza pumzi katika mrija wa kipimo cha ulevi, na kama kipimo kikionyesha namba badala ya sifuri hapiti, awe meneja au mfagizi. Jioni hurudi amechoka, akaoga, akatazama saa. Perth imetutangulia kwa saa tano. Ikiwa kwetu ni saa 12 magharibi, kwao ni saa 5 usiku, na watoto wamekwisha lala. Kwa hiyo baba aliye mgodini huzungumza na wanawe ama kabla ya zamu ama siku ya mapumziko, na hukosa siku za kuzaliwa na mitihani na misiba kama anavyokosa kijana wa Kiunguja aliyekwenda Maskati kutafuta riziki. Sioni sababu ya kumnyima huruma kwa kuwa mshahara wake ni mkubwa.

Lakini huruma hiyo isitufiche matokeo ya mpangilio wenyewe. Mtu wa rosta hana soko analoliendea, hana fundi cherehani, hana jirani wa kumwazima chumvi. Hata serikali yake iko mbali naye: Australia haina ubalozi Dar es Salaam, shughuli zake za Tanzania husimamiwa kutoka Nairobi, na raia wake akipatwa na shida huku huweza kusaidiwa na ubalozi wa Kanada kwa mapatano ya nchi hizo mbili. Kodi nayo ilichangia: hadi mwaka 2009 Mwaustralia aliyefanya kazi nje kwa siku 91 au zaidi mfululizo aliweza kusamehewa kodi ya kwao kwa mshahara ule, lakini mwaka huo msamaha ukafinywa, ukabaki kwa watu wachache kama watumishi wa misaada, na tangu hapo kila mmoja hulazimika kupiga hesabu kama familia ibaki Perth au ihamie kwingineko. Katika hesabu hizo zote, Segese haimo.

Yako mambo mengine mawili yaliyouinua uzio huo au kuudhihirisha. Agosti 1996 wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu waliamriwa kuondoka kumpisha mwekezaji, na machungu ya kuondolewa kwao yangali yakisimuliwa hadi leo. Mgodi uliozaliwa katika hali hiyo haungeweza kuwa na malango yaliyo wazi. Tena Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirisha nje makinikia, yaani ule mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha ambao haujachenjuliwa kikamilifu, na mnamo Septemba mwaka huo huo kampuni ya Acacia, iliyoumiliki mgodi wakati huo, ikatangaza kupunguza kazi Bulyanhulu. Karibu watu 2,000, pamoja na wa wakandarasi, waliguswa na uamuzi huo. Wageni walipanda ndege. Ikiwa kilikuwapo chumba Segese au Kakola kilichobaki kitupu, na mama lishe aliyekunja jamvi, na duka la vocha lililofungwa, ilikuwa ni kwa sababu ya vijana wa Kitanzania waliokosa mshahara. Hapo ndipo ilipobainika kwamba uchumi wa miji hii ulikuwa umekaa juu ya mabega ya mfanyakazi mwenyeji, na kwamba mgeni, pamoja na fedha zake zote, hakuwa ameutia hata nguzo moja.

Waaustralia wa namna nyingine

Asidhani msomaji kwamba hivyo ndivyo Waaustralia walivyo kwa tabia. Mwaka 1927 ilipoundwa Dayosisi ya Anglikana ya Tanganyika ya Kati, makao yake Dodoma, askofu wake wa kwanza alikuwa George Chambers kutoka Australia, na kwa miongo kadhaa makanisa ya nchi ile yaliendelea kuleta wauguzi, walimu na matabibu katika vijiji vya Ugogo. Mmoja wao, Dk. Paul White, alifanya kazi katika hospitali ya Mvumi tangu mwaka 1938, na ijapokuwa hakukaa miaka mingi, vitabu alivyoviandika baadaye kwa ajili ya watoto viliwafahamisha Waaustralia wengi kwamba kuna mahali paitwapo Tanganyika. Askofu Alfred Stanway, aliyekuja kushika dayosisi hiyo mwaka 1951, alikaa hadi mwaka 1971; na ni katika wakati wake, mwaka 1955, ambapo Yohana Omari aliwekwa wakfu kuwa Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kupata daraja ya uaskofu wa Kianglikana.

Watu hao walijifunza Kiswahili, na wengine Kigogo. Walinunua kuku kwa wanakijiji, waliugua homa zile zile, na wengine walizaa watoto wao huku. Sisemi kwamba walikuwa malaika. Walikuja katika kivuli cha dola ya Kiingereza, na amri ilikuwa mikononi mwao muda mrefu kuliko ilivyopasa. Lakini walijulikana, na aliyejulikana huweza kusifiwa kwa haki na kulaumiwa kwa haki.

Katika zama zetu mfano ulio karibu ni Gemma Sisia, binti wa wafugaji wa New South Wales, ambaye mwaka 2002 alifungua Arusha shule ya Mtakatifu Yuda akiwa na wanafunzi watatu, akaolewa na Mtanzania, na shule ile sasa inasomesha bure watoto wa maskini zaidi ya elfu moja. Huyu naye ni Mwaustralia aishiye ughaibuni, wa taifa lile lile na pasipoti ile ile ya yule fundi wa Bulyanhulu. Kinachowatenga ni mkataba: mmoja amekuja kwa kazi isiyoweza kufanyika pasipo majirani, mwingine kwa kazi iliyopangwa makusudi ifanyike pasipo wao.

Inakadiriwa kwamba Waaustralia wapatao milioni moja huwa nje ya nchi yao kwa wakati wowote, wengi wao Uingereza, Marekani na New Zealand. Huko hukaa mitaani, husomesha watoto, na kila tarehe 25 Aprili hukusanyika kuwakumbuka askari wao waliokufa vitani. Wale wa kwetu huikumbuka siku hiyo wakiwa ndani ya kampu, kabla ya zamu.

Kibali, mrithi na ujuzi

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika muamala wa mgodi, kupona kwa mwenyeji kuna maana moja mahsusi, nayo ni ujuzi. Dhahabu itakwisha: Buzwagi, iliyofunguliwa mwaka 2009, ilikwisha kufungwa mwaka 2021. Lakini kijana aliyejua kuongoza mtambo wa kuchoronga chini ya ardhi hawezi kunyang'anywa alichokijua.

Sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni iliweka msingi kwamba mgeni hupewa kibali cha kazi, yaani ruhusa ya kuajiriwa, pale tu ambapo hakuna mwenyeji aliye tayari kwa kazi hiyo, tena kwa muda wenye kikomo, na mwajiri sharti aonyeshe mpango wa urithishaji: nani Mtanzania anayefundishwa ili ashike nafasi hiyo kibali kikiisha. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika sekta ya madini zikaongeza nguvu. Matunda yameonekana. Baada ya Barrick, kampuni ya Kikanada, kuinunua Acacia yote mwaka 2019 na kuundwa kwa kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ina asilimia 16, katika kila wafanyakazi kumi wa migodi ile zaidi ya tisa ni Watanzania, na uongozi wa migodi nao umekuwa ukipita mikononi mwao.

Hata hivyo karatasi ya urithishaji ni jambo moja, na urithi wenyewe ni jingine. Ujuzi wa chini ya ardhi hauhamishwi kwa semina. Tazama jinsi unavyohamishwa: mchorongaji ameketi mbele ya vishikio vya mtambo, mkufunzi amesimama nyuma yake, taa za kofia zimeelekea kwenye mwamba, na kelele ni kubwa kiasi kwamba maneno hayafai. Mkufunzi humgusa bega na kumwonyesha maji yanayorudi kutoka tunduni. Yalikuwa meupe; sasa yamekuwa ya kijivu. Mwamba umebadilika, na anayeendelea kusukuma kwa nguvu ile ile atauvunja mtarimbo, au atalegeza paa juu ya vichwa vya wenzake. Masomo madogo ya namna hiyo, yakirudiwa mara elfu, ndiyo yamfanyayo mtu fundi. Na ndiyo ambayo mkufunzi mwenye choyo, au mwenye haraka ya kuwahi ndege, huweza kuyaficha pasipo ofisi yoyote ya Serikali kutambua. Naamini kwa dhati kwamba hapa ndipo penye kiini cha haki yetu kwa wageni hawa, kuliko katika yale malalamiko kwamba hawanunui nyanya sokoni.

Na walio wakarimu wa ujuzi wamekuwapo. Wako Watanzania waliofunzwa katika migodi hii ambao leo wameajiriwa katika migodi ya nchi nyingine za Afrika, wakiishi nao katika kampu, wakiruka nao kwa rosta, wakiwaita wanao kwa simu usiku. Serikali ya Australia nayo, kupitia kituo cha mafunzo kilichokuwa Perth baina ya mwaka 2011 na 2015, na kupitia ufadhili wake wa masomo kwa Waafrika, iliwapokea maofisa wetu wa madini na kuwafundisha usimamizi wa sekta hiyo. Njia ya Kahama hadi Perth, basi, haikuwa ya upande mmoja.

Mgodi ujao

Haya yote yangekuwa historia tu kama si kwamba mlango unafunguliwa tena. Nyanzaga, wilayani Sengerema, karibu na Ziwa Viktoria, kuna mgodi mpya unaojengwa. Leseni yake ilifanyiwa kazi miaka kadhaa na OreCorp, kampuni ndogo ya Perth ya namna ile tuliyoieleza. Desemba 2021 ukatiwa saini mkataba na Serikali kuunda kampuni ya Sotta, asilimia 84 kwa mwekezaji na 16 kwa taifa. Na mwaka 2024 Perseus, kampuni nyingine ya Perth yenye migodi Afrika Magharibi, ikainunua OreCorp. Mwezi Aprili 2025 uamuzi wa kujenga ulitangazwa, na dhahabu ya kwanza inatarajiwa mwaka 2027.

Kwa hiyo Waaustralia wanakuja tena, safari hii kwa masharti mazito kuliko yale ya 1998: mrabaha wa asilimia 6, hisa za Serikali zisizonunuliwa, na mipango ya urithishaji inayodaiwa kwa maandishi. Diwani wa Sengerema, au wa Segese atakapofikiwa na mkandarasi mpya, asipoteze mkutano wake kwa kuuliza kwa nini wageni hawaonekani mjini, kwa maana jibu lake tumekwisha kulipata. Na aulize haya:

– Nafasi zilizoshikwa na wageni ni zipi, moja moja kwa jina la kazi, na kibali cha kila nafasi kinakwisha lini?
– Mtanzania anayefundishwa kwa kila nafasi ni nani, na tangu alipoteuliwa amefanya kazi hiyo kwa mikono yake saa ngapi?
– Mkandarasi akibadilishwa katikati ya mkataba, mafunzo yaliyoanzwa na aliyeondoka yanaendelezwa na nani?
– Mgodi ukifungwa, majengo gani yatabaki, na kwa matumizi gani?

Swali la tatu ndilo lisiloulizwa, na ndilo lililowaumiza vijana wengi, waliojifunza nusu ya kazi kwa kampuni moja na kurudishwa kwenye ngazi ya kwanza na kampuni iliyofuata. Kumbukumbu za mafunzo ya mfanyakazi huwekwa na mwajiri wake. Mfanyakazi na adai cheti na barua ya kila hatua aliyofuzu siku ile ile anapofuzu, kabla mkandarasi hajafunga makontena yake, na halmashauri inaweza kulifanya dai hilo kuwa sehemu ya mapatano yake na mgodi tangu jiwe la kwanza halijapasuliwa.